Vidole Viwili Mgongoni

Nina makovu matatu miguuni, na yote ni kazi ya Uwera. La kwanza liko chini ya goti la kulia, la pili kwenye ugoko, na la tatu halionyeshwi hadharani. Nayataja mapema kwa sababu watu wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, wakisimulia habari za Mama Aidah huanza na ulimi wake au futi yake ya kupimia, kana kwamba miguu yangu haikuhusika. Ilihusika sana. Bila miguu yangu, Mama Aidah angekuwa bado amekaa barazani akigombana na mashati ya Mzee Gatera.

Mama Aidah ni fundi cherehani, mjane, umri wake ni hamsini na kitu, na hicho kitu hakisemi. Babu yake alitoka Ujiji na mzigo wa vitambaa, akakaa Biryogo siku tatu kuviuza, akamwona msichana wa hapa na akasahau njia ya kurudi. Kwa sababu ya babu huyo, Mama Aidah hujiona mwenye Kiswahili na hutusahihisha sisi wote, hata imamu. Hufanya kazi na pini tatu mdomoni, huzungumza nazo, hucheka nazo, na hajawahi kumeza hata moja, ingawa kuna siku nimeomba dua.

Kitu anachojivunia kuliko babu ni vipimo vyake. Ana daftari lenye jalada la buluu, na kila mtu wa mtaa ana ukurasa wake humo: bega, kifua, kiuno, mgongo. Husema hajawahi kukosea. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimharibia jina, na huyo ni Mzee Gatera.

Mzee Gatera aliendesha lori kati ya Mombasa na Kigali miaka ishirini na tano, mpaka goti lake la kushoto likasema basi. Alifiwa na mkewe zamani. Ni mtu mrefu, mtaratibu, ambaye mtaa mzima humwita akasuluhishe ugomvi. Lakini kila shati aliloshonewa na Mama Aidah lilimvimba mgongoni, na kila mwezi alirudi nalo chini ya kwapa.

"Bibi Aidah, samahani sana. Hii shati iko kama hema huku nyuma."

"Hema liko machoni pako, Mzee. Geuka."

Mzee aligeuka, akasimama akitazama viatu vyake. Mama Aidah alimpima mgongo kwa haraka bila kumwangalia usoni, akapata namba ileile iliyo kwenye daftari, akalifumua shati na kulishona upya kwa hasira. Mwezi uliofuata likavimba tena. Miaka mitatu waliendelea hivyo, na mimi, ambaye nilikuwa nikimwandikia vipimo baada ya shule, nilishangaa kwa nini mwenye shati hatafuti fundi mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani najua kila kitu.

Sasa nije kwenye softiboli. Ilifika kwetu ndani ya gunia. Gunia lilikuwa la Mwalimu Connie, Mtanzania wa Bukoba aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika shule mbili, asubuhi kwetu na alasiri kule Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Yeye mwenyewe alikuwa amesomeshwa na masista Wamarekani, na walipoondoka walimwachia glavu kumi na moja, magongo mawili, mipira sita mikubwa kama balungi na kofia moja ya waya ya kumkinga mtu uso. Mjini Kigali huwezi kununua hata kimoja cha vitu hivyo. Mwalimu Connie aliunda timu mbili za wasichana, moja huku na moja Kabeza, na gunia likawa linasafiri nasi kama mkwe anayezungushwa kwa ndugu.

Mchezo wenyewe hauna uchawi. Mrushaji husimama katikati, huzungusha mkono mzima kama gurudumu na kuuachia mpira kwa chini, karibu na paja. Mpigaji humngoja na gongo, pembeni ya kibao kilicholazwa chini. Nyuma ya kibao huchuchumaa mdakaji, yaani mimi, na nyuma ya mdakaji husimama refa. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, naye asiupate, refa huita straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Lakini mipira minne ikienda kombo, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza, na aliyekuwapo hapo husogezwa mbele. Vituo ni vitatu, anayevizunguka akarudi kibaoni ameipatia timu yake mbio moja, na wakitoka watatu zamu ya timu imekwisha. Mengine yote ni kukimbia na kupiga kelele, na kwa hayo wasichana wa Biryogo hatukuhitaji mwalimu.

Mrushaji wetu alikuwa Uwera. Alikuwa na miaka kumi na mitano, binti wa kule mlimani Rebero, mrefu kama mwanzi na mpole kupita kiasi. Mama yake alimlea kwa adabu ya zamani: mbele ya mkubwa hakuinua macho, na akisema jambo ilibidi umwinamie ndipo usikie. Mkono wake wa kulia, hata hivyo, ulikuwa haujasikia habari za adabu hiyo. Siku zake njema mpira ulitoka pale pajani ukaingia kwenye glavu yangu na mlio uliowaamsha mbwa, na mpigaji alibaki ameshika gongo akijiuliza kama umesharushwa. Siku hizo nilimpenda Uwera kuliko ndugu zangu.

Siku zake mbaya ndizo zilizoniachia makovu. Mpira ulitua miguuni mwangu, au uliruka juu ya ukuta wa shule, na mara mbili katika wiki moja uligonga birika la mama anayetuuzia chai. Huyo mama alikuwa amekaa nyuma ya Uwera. Mpaka leo hakuna aliyeweza kunieleza hilo.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni viatu, wengine uji wa asubuhi, wengine jicho baya. Mimi ndiye niliyegundua mvua, na sijasamehewa. Niliona kwamba kila mara Uwera aliporusha vizuri, kulikuwa kumenyesha au kunanyesha. Nikatangaza. Basi mwezi wa Aprili timu nzima ilikuwa ikitazama mawingu, na tulipoona weusi juu ya mlima tulikumbatiana. Mchezo wa kwanza na Kabeza tulishinda tukiwa tumelowa chapachapa. Wa pili ulichezwa juani, na Uwera aliwatembeza wasichana tisa wa Kabeza hadi nikawa nawajua kwa majina.

Mwezi wa Juni Mwalimu Connie alitukalisha chini. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alisema, na angerudi Bukoba mwishoni mwa Julai.

"Gunia siendi nalo," alisema. "Lakini siwezi kulikata vipande viwili. Jumapili ya pili ya Julai mtacheza na Kabeza mara ya mwisho. Atakayeshinda, gunia ni lake."

Tulielewa vizuri kwamba tukishindwa hatutapoteza mchezo mmoja tu, tutapoteza softiboli. Redio ilikuwa na habari zake za vita vya kaskazini tangu mwaka juzi, na wakubwa waliisikiliza kwa sauti ya chini. Sisi tulikuwa na habari hii moja, na ilitutosha kutukosesha usingizi. Uwera ndiye aliyelia, kwa sababu alijua tunachokifikiria: Julai ni kiangazi, na kiangazi cha Kigali hakitoi hata tone.

Nilisema tutaleta mvua wenyewe. Tulibeba madumu ya maji hadi uwanjani, tukamwaga pale anaposimama mrushaji, tukaulowesha mpira, tukamlowesha Uwera. Aliteleza akaanguka kifudifudi na mpira ukapotea saa nzima. Aliinuka amejaa tope jekundu mpaka kwenye nyusi, akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Kaliza, hii mvua yako iko mubaya." Tulicheka hadi mimi nikakaa kwenye tope. Lakini usiku kila mmoja alilala na shaka yake.

Mama Aidah aliingia katika habari hii kwa mlango wa kitambaa. Mwalimu Connie alimletea jora la rangi ya njano atushonee nguo za timu, fulana na kaptura pana za kufika chini ya magoti. Tukaenda kupimwa mmojammoja. Mimi nikiwa na kalamu, Uwera akapanda kwenye kigoda mbele ya kioo.

"Mgongo, inchi kumi na nne na nusu," alisema Mama Aidah kupitia pini. Nikaandika.

Wakati huo Mzee Gatera alipiga hodi na shati lake chini ya kwapa, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Mama Aidah hakumjibu ila kwa pua. Akaniuliza nimeandika ngapi, kwa kuwa haniamini, na nilipomwambia akaweka futi tena mgongoni kwa Uwera kuhakikisha.

"Kumi na sita. Kaliza, umeandika nini hapo?"

"Ulichosema."

"Mimi sisemi uongo, na mtoto harefuki inchi moja na nusu wakati mzee anakaa kitako."

Alinipima mimi mara mbili. Sikubadilika. Akaitazama futi pande zote kama anayetafuta chawa. Kisha akamtuma Mzee Gatera akanywe chai kwa jirani, akapima: kumi na nne na nusu. Akamwita arudi, akapima: kumi na sita. Akamtuma tena. Mzee alikwenda na kurudi mara tatu, akichechemea, bila kuuliza lolote, na mara ya nne alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Bibi Aidah, chai nimekunywa, tumbo imejaa. Niambie tu kama unataka nitembee."

Hapo Mama Aidah alitoa pini zote tatu mdomoni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo mchana.

"Anainama," alisema. "Mzee akiingia, mtoto anainamisha kichwa, mgongo unavutika. Vidole viwili kamili." Akaniwekea vidole vyake viwili puani nivione. "Kaliza, siku anazokuua miguu, nani anasimama nyuma yako?"

Nilifikiri. Marefa wetu walikuwa wawili. Mkuu alikuwa Mzee Gatera mwenyewe, kwa kuwa Mwalimu Connie alitaka mtu ambaye hakuna mzazi wa kumbishia. Msaidizi alikuwa Hirwa, kijana wa darasa la mwisho, mwenye masikio makubwa, tuliyemtania bila woga. Hirwa alisimama siku ambazo goti la Mzee Gatera linamuuma. Na goti la Mzee Gatera huuma mvua ikinyesha.

Nilijisikia mpumbavu na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Haikuwa mvua. Uwera hakuweza kumtazama mkubwa usoni, na uso wa mkubwa ulikuwa juu ya kichwa changu, palepale mpira unapotakiwa kuja. Basi aliinamisha macho kwa adabu na kurusha bila kuona.

"Ni kweli?" Mama Aidah akamuuliza.

Uwera alikuwa akisoma sakafu. "Mama, ule ni muzee. Nikirusha mupila naona kama iko namutupia jiwe. Na nikimuangalia, naona mama yangu."

Mama Aidah alizirudisha pini mdomoni, kwa sababu yeye mwenyewe amewachapa binti zake kwa kosa la kukodolea macho wakubwa. Angemwambia nini mtoto wa mwenzake? Mzee Gatera, pale kwenye benchi, alisema basi yeye ataacha urefa, Hirwa achukue. Lakini Hirwa ni wa Biryogo, mama yake ni jirani yetu, na Kabeza walikuwa wameshaapa kwamba siku hiyo hawamtaki refa mwingine ila Mzee Gatera, ambaye hata adui zake humwamini.

Dawa ya kwanza ya Mama Aidah ilikuwa kifungo. Alichukua kifungo chekundu cha koti, kikubwa kama kifuniko cha chupa, akakishona katikati ya glavu yangu kwa uzi wa viatu. "Usimwangalie mzee," alimwambia Uwera. "Angalia kifungo. Dunia nzima ni kifungo."

Alhamisi tulikijaribu, Mzee Gatera akiwa nyuma yangu. Mipira mitatu ya kwanza iliingia kwenye kifungo, pu, pu, pu, na mimi nilikuwa nimeanza kuimba. Ndipo Mzee akakohoa. Alikohoa kidogo tu, kwa vumbi. Macho ya Uwera yakaanguka chini, mkono ukazunguka peke yake, na mpira ukapita pembeni ya sikio langu ukampata Mzee Gatera kwenye goti. Lile la kushoto.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa chini polepole. Tulipogeuka, Uwera alikuwa ameshavuka barabara akikimbilia Rebero, na Ijumaa hakuja, wala Jumamosi.

Jumapili asubuhi, siku ya mchezo, Mama Aidah alivaa khanga yake mpya, akatia fulana ya njano kwenye mfuko, akapanda Rebero kwa miguu. Unapaswa kumjua Mama Aidah uelewe maana yake: ni mwanamke ambaye humtuma mtu amletee maji yaliyo hatua nne kutoka alipokaa. Alichomwambia mama yake Uwera sikijui. Najua kwamba walishuka pamoja saa saba, Mama Aidah akihema, Uwera akiwa ndani ya njano, naye akitueleza kwamba asingeweza kuiacha nguo ya mtu ikapotea bure.

Kabeza walikuja na ngoma. Watu walijaa kuzunguka uwanja wa shule, na mama wa chai alikuwa amehamisha birika lake hadi ng'ambo ya barabara. Mzee Gatera alisimama nyuma yangu, goti limefungwa kitambaa. Uwera alirusha jinsi hiyohiyo tuliyoizoea: vizuri nilipompigia kelele aangalie kifungo, vibaya kila Mzee alipojitikisa. Tuliwafunga, wakatufunga. Sitakuchosha na hesabu. Tulifika raundi ya mwisho tukiwazidi kwa mbio moja, wao wakiwa na watu kwenye vituo vyote vitatu na wachezaji wawili wameshatoka. Mpigaji wao wa mwisho alikuwa na straiki mbili, na mipira mitatu ilikuwa imekwenda kombo. Straiki moja, gunia letu. Mpira mmoja mbaya, wanasawazisha, na Uwera alikuwa akitazama viatu vyake.

Mwalimu Connie aliomba mchezo usimame. Kabla hajafika, Mama Aidah alikuwa ameshaingia uwanjani, futi shingoni, akitembea kama anaenda kudai kitambaa chake. Nikakimbia kuwasikiliza.

"Sikiliza," alimwambia Uwera. "Mimi naangalia watu kutwa. Si utovu wa adabu. Nisipomwangalia mtu, nguo haimkai. Wewe humkodolei mzee macho, unampima. Inua kichwa umpime."

Uwera aliinua kichwa. Lakini alimtazama Mama Aidah, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

"Na wewe Mama, humuangaliaka. Unamupima mugongo tu. Mimi naona."

Nilitamani kucheka na nilitamani kufa, kwa sababu ilikuwa kweli, na sote tuliofika kwenye ile baraza tulikuwa tumeliona bila kulitamka. Mama Aidah, anayemtazama imamu machoni akimsahihisha Kiswahili, kwa miaka mitatu hakuwa amemtazama Mzee Gatera usoni hata mara moja. Uso ukamwiva. Nilidhani atamzaba kofi.

Aligeuka. Akaondoa futi shingoni. Akavuka uwanja hadi nyuma ya kibao, akasimama mbele ya Mzee Gatera, karibu kabisa, na akainua uso wake akamtazama. Hakutazama shati wala kola, alimtazama yeye, kwa muda ambao kwa Biryogo ni mrefu sana.

Mzee Gatera, mtu aliyepita mabonde yote ya Kenya na lori lisilo na breki nzuri, aliinamisha macho.

"Inua kichwa, Mzee," Mama Aidah alisema. Sauti yake haikuwa na pini. "Ninapima."

Mzee akainua kichwa. Mama Aidah alimpima bega, alimpima shingo, akapeleka mkono nyuma akampima mgongo, mbele ya Kigali nzima, na macho yao hayakuachana. Watu walianza kupiga vigelegele, wa kwetu na wa Kabeza bila tofauti. Mwalimu Connie alijifunika uso kwa daftari la mchezo, mabega yakimtikisika. Nilikuwa nimemshika mpigaji wa Kabeza mkono na sote wawili tulikuwa tunarukaruka.

Mama Aidah alipotoka, Mzee Gatera alikohoa, akamwita Uwera kwa mbali.

"Binti, watu wamenitukana toka Mombasa mpaka hapa, na sikufa. Mutoto moja kuniangalia haiwezi kuniua. Ukiangalia chini ndiyo utaniua, hii goti imebaki moja. Niangalie. Mimi mwenyewe nimesema."

Mkubwa alikuwa ametoa ruhusa. Uwera alicheka. Alicheka hivi kwa meno, kichwa juu, na bado akicheka akauzungusha mkono. Sikuuona mpira. Niliusikia tu, na kiganja changu kikawaka moto, na kifungo chekundu kikakatika kikaruka juu kama panzi. Gongo la Kabeza lilikuwa bado begani.

Nikangoja. Nyuma yangu kimya. Nikahesabu hadi tatu, nikageuka na kofia yangu ya waya. Mzee Gatera alikuwa ametazama pembeni, kule Mama Aidah alikosimama.

"Mzee," nikasema. "Hiyo ni nini?"

"Eh? Straiki," alisema, bila kugeuka.

Kabeza walilalamika kwamba refa hakuwa akitazama, na mimi, ambaye sina haya, nilisema alikuwa. Mpigaji wao ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema umepita katikati, ameusikia upepo wake tumboni. Hata leo nikikutana na msichana huyo namnunulia sambusa. Tulimbeba Uwera, tukamwangusha, tukambeba tena. Gunia tulilizungusha Biryogo kwa maandamano, na liko mpaka sasa kwenye msumari ndani ya duka la Mama Aidah, juu ya kioo.

Jioni ile tulikuwa barazani, Uwera na mimi, bado tuna njano. Mama Aidah alifungua daftari la buluu kwenye ukurasa wa Mzee Gatera ili aandike vipimo vipya. Akasimama na kalamu hewani. Mgongo wa uwanjani ulikuwa inchi kumi na nane na nusu. Kwenye daftari, miaka mitatu mfululizo, ulikuwa ishirini.

Aliweka vidole vyake viwili juu ya ukurasa. Sote tuliujua upana huo.

"Miaka mitatu," alisema hatimaye, polepole. "Miaka mitatu nampima ameinama." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga, na Uwera naye akacheka, akimtazama usoni.

Siku tatu baadaye shati lilikuwa tayari. Mzee Gatera alilivaa mbele ya kioo, chini ya gunia letu. Lilimkaa kama ngozi yake. Alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akapapasa mgongo akitafuta hema na asilione. Hakuonekana mtu mwenye furaha.

"Bon, sawa. Imenikaa," alisema, akitazama viatu vyake. "Sasa sina tena sababu ya kurudi hapa."

Mama Aidah alitoa pini mdomoni, akaziweka mezani mojamoja.

"Niangalie," alimwambia, "halafu useme tena."

Mzee Gatera akainua kichwa, akamwangalia. Hakusema tena.